Kujua Jiwe kwa Vitenzi: Utambuzi wa Madini na Miamba katika Lugha ya Kiswahili



1. Utangulizi

Yamkini wapo miongoni mwenu waliostaajabu kumwona mtu wa isimu akipanda jukwaani na mfuko wa mawe. Mimi si mwanajiolojia, wala sidai kuwa hivyo. Nimeyasoma mawe kwa sababu ya kisa nilichosimuliwa na mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mchimbaji mdogo.

Baba yake alipata jiwe la kijani lenye ukubwa wa punje ya hindi. Akalihifadhi kwenye kitambaa kwa miezi kadhaa. Alipobanwa na ada za shule, alilipeleka kwa mnunuzi, naye mnunuzi akaligeuzageuza kwenye mwanga, akasema, “Mzee, hiki ni kipande cha chupa. Lakini nakuonea huruma, nitakupa nauli.” Mzee akapokea nauli akarudi kwake. Mwanafunzi wangu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: “Profesa, lile jiwe lilikuwa nini?” Sikuweza kumjibu, na hakuna atakayeweza, kwa sababu kabla ya kuuzwa jiwe lile halikupimwa. Lilipewa jina tu, na aliyelipa jina ndiye aliyekuwa akilinunua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, mzee yule alikosa elimu ya mawe kwa sababu lugha yake haina maneno ya elimu hiyo? Wako wasomi wanaoamini hivyo. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo haina msingi. Ni kweli kuwa majina ya madini mengi hatunayo, na itatulazimu kuyakopa. Lakini jiwe halitambuliwi kwa jina. Hutambuliwa kwa kutazamwa linavyotenda linapokwaruzwa, linaposagwa, linapopasuliwa, linapozamishwa majini na linapomwagiwa ndimu. Hayo yote ni vitenzi, na katika vitenzi Kiswahili ni tajiri.

2. Jiwe, mwamba na madini

Tuanze na maneno matatu ambayo aghalabu huchanganywa. Neno jiwe ni la asili ya Kibantu. Mzizi wake tunauona katika ibuye la Kinyarwanda na katika mabwe ya Kishona, neno ambalo wataalamu wengi hulihusisha na jina la nchi ya Zimbabwe. Katika Kiswahili mzizi umebaki silabi moja tu, na ndiyo maana umeshikilia kiambishi ji- katika umoja, sawa na jicho na jino, ilhali katika wingi tunasema mawe, macho na meno. Neno hili ni kongwe, na maana yake ni pana: jiwe ni kipande chochote kigumu cha ardhi kinachoweza kuokotwa, kurushwa au kujengewa.

Mwamba ni kile ambacho jiwe limetoka. Jiwe huokotwa, mwamba hukaa. Kwa matumizi ya kisayansi, mwamba ni mkusanyiko wa madini, mara nyingi ya aina zaidi ya moja. Tukitaka mfano wa nyumbani, tuchukue sahani ya kande. Kande ni chakula kimoja, lakini ukikitazama unaona mahindi na maharage, na kila kimoja kina umbo na ugumu wake. Itale, ambayo wengi huiita graniti, ndiyo ile iliyotapakaa Mwanza kwa mawe makubwa yanayobebana ziwani na vilimani. Nayo ni kande ya namna yake. Ukiitazama kwa karibu unaona punje za aina tatu: punje za kijivu zinazofanana na kioo, ambazo ni kwatzi, punje nyeupe au za rangi ya waridi, ambazo ni felspa, na vipande vyeusi vyembamba vinavyometameta, ambavyo ni ulanga.

Madini, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ndiyo punje zenyewe. Kwa mwanasayansi, madini ni kitu kigumu kilichojitengeneza kwa maumbile, chenye mchanganyiko maalumu wa kikemikali, na ambacho chembe zake zimepangika kwa utaratibu unaojirudia. Kwa fasili hii, lulu na marijani, ingawa ni vito vya thamani, zimetokana na viumbe wa baharini, na makaa ya mawe yametokana na mimea. Vyote hivyo huwekwa kando ya orodha ya madini halisi. Mitaani tunasema “madini” tukimaanisha dhahabu na vito peke yake. Katika fasili ya kisayansi hata chumvi ya mezani ni madini, na hata punje ya mchanga ufukweni.

Majina ya vito vyetu nayo yana historia. Almasi, yakuti, zumaridi, feruzi na akiki yote yalitufikia kwa Kiarabu kupitia biashara ya Bahari ya Hindi, na baadhi yake Kiarabu kiliyapokea kutoka lugha nyingine: feruzi ina asili ya Kiajemi, na almasi hurudi hadi neno la Kiyunani lenye maana ya kisichoshindika. Kukopa jina la jiwe, kwa hiyo, si aibu mpya. Ni desturi ya karne nyingi.

3. Rangi ni shahidi dhaifu

Kosa la kwanza la mtu asiyefunzwa ni kuamini rangi. Kwatzi safi haina rangi, lakini hiyohiyo kwatzi ikipata kiasi kidogo mno cha kitu kingine huweza kuwa ya zambarau, ya waridi au ya moshi. Kinyume chake, madini mbalimbali huvaa rangi moja. Katika eneo letu jiwe la kijani laweza kuwa zumaridi. Laweza kuwa tsavoraiti, aina ya ganeti ambayo Campbell Bridges aliigundua kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata Kenya katika nchi ya Wataita, ikapewa jina la Tsavo mwaka 1974. Laweza kuwa malakaiti ya Katanga, jimbo ambalo kati ya mwaka 1971 na 1997 liliitwa kwa neno la Kiswahili, Shaba, kwa sababu ya madini hayohayo. Na laweza, ni kweli, kuwa kipande cha chupa.

Hata wafalme wamedanganywa na rangi. Katika taji la ufalme wa Uingereza mna jiwe kubwa jekundu ambalo kwa karne nyingi lilisifiwa kuwa yakuti. Lilipopimwa lilidhihirika kuwa ni spineli, madini tofauti kabisa. Spineli haipatikani mbali nasi: mwaka 2007 huko Mahenge, wilayani Ulanga, zilichimbwa fuwele kubwa ajabu za madini hayo.

Jambo la kuvutia kwa mtu wa lugha ni kwamba neno letu yakuti lilikuwa na usahihi ambao lugha za Ulaya zilichelewa kuufikia. Waingereza wana majina mawili, moja la jiwe jekundu na jingine la jiwe la buluu. Sisi, kwa kufuata Kiarabu, tunasema yakuti nyekundu na yakuti ya buluu, na sayansi imethibitisha kwamba yote mawili ni madini yaleyale, yaani korandamu, yanayotofautiana kwa chembechembe za kromi, chuma na titani.  Katika karne ya 11 mwanachuoni Al-Biruni alipima vito kwa uzito wake ndani ya maji, akaandika kitabu kizima juu ya johari. 

4. Vitenzi vya upimaji

Sasa nitoe mawe mfukoni. Vipimo nitakavyovieleza havihitaji maabara. Vinahitaji kisu, tupa, kipande cha shaba, kigae, ndimu na mizani ndogo.

4.1 Kukwaruza. Mwaka 1812 Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini wa Kijerumani, alipanga madini 10 kwa kanuni moja nyepesi: lililo gumu humkwaruza lililo laini. Ngazi ya 1 ni talki, 2 ni jasi, 3 ni kalsaiti, 4 ni floraiti, 5 ni apataiti, 6 ni felspa, 7 ni kwatzi, 8 ni topazi, 9 ni korandamu na 10 ni almasi. Namba hizi ni za kupanga foleni tu. Umbali kati ya 9 na 10 ni mkubwa kupita ule wa ngazi nyingine zote. Ukucha wa binadamu una ugumu wa karibu 2.5, kipande cha shaba karibu 3, kioo cha dirisha na kisu cha kawaida karibu 5.5, na tupa karibu 6.5. Kwa hiyo jiwe linalokwaruzwa na ukucha haliwezi kuwa kwatzi, na jiwe linaloshindwa kukwaruza kioo haliwezi kuwa yakuti. Mawe ya sabuni yanayochongwa Tabaka, katika nchi ya Wakisii, yana talki nyingi, na ndiyo sababu mchongaji huyachonga kwa kisu kama mti.

Hapa lugha inatudai uangalifu. Neno ugumu tunalitumia kwa kila namna ya ukakamavu, na wapo waliovunja almasi kwa nyundo wakidhani wanaipima. Almasi haikwaruziki, lakini huvunjika. Napendekeza tutenge ugumu kwa uwezo wa kutokwaruzika, na uimara kwa uwezo wa kutovunjika. Aidha, kipimo cha kukwaruza kifanyike kwenye pembe isiyo na thamani ya jiwe ghafi, kamwe kisifanyike kwenye kito kilichokwisha kukatwa.

4.2 Kuacha unga. Rangi ya jiwe zima hudanganya, lakini rangi ya unga wake ni nadra kudanganya. Liburuze jiwe kwenye upande wa nyuma wa kigae cha ukutani, ule usio na mng'ao. Pirite, ambayo imewaumiza wengi katika machimbo ya dhahabu, ni ya manjano kama dhahabu, lakini huacha unga mweusi wenye ukijani; dhahabu huacha alama ya manjano. Hemataiti yaweza kuwa nyeusi au ya kijivu ing'aayo kama chuma, lakini unga wake ni mwekundu kama ngeu ya seremala. Ukiongeza kitenzi kufua, shaka yote juu ya dhahabu huondoka: ukiigonga kwa nyundo hufuka ikawa bapa, ilhali pirite hupondeka.

4.3 Kung'aa. Tazama jinsi mwanga unavyorudi. Yako madini yanayong'aa kama chuma kilichosuguliwa, yako yanayong'aa kama kioo, kama lulu, kama mafuta, na yako yasiyong'aa hata kidogo. Ulinganisho huu Kiswahili kinauweza bila msaada.

4.4 Kupasuka, kuvunjika na kubanduka. Hapa ndipo ninapoiona hazina kubwa kuliko zote. Mwalimu wa jiolojia hutumia muda mrefu kuwaeleza wanafunzi kwamba baadhi ya madini hugawanyika kwa kufuata nyuso maalumu, ilhali mengine hukatika ovyo. Mswahili asiyejua kusoma anaijua tofauti hiyo. Kuni hupasuliwa, kwa sababu kuni ina njia yake ya ndani. Chungu huvunjika, kwa sababu hakina njia. Gome la mti hubanduka. Basi felspa hupasuka kwa nyuso bapa. Chumvi ya mawe hupasuka kwa pembe mraba, na kila kipande kikipasuliwa tena hutoa vipande vyenye pembe mraba. Kwatzi huvunjika, na mahali ilipovunjika pana mbonyeo kama wa kigae cha chupa nene. Ulanga hubanduka, tabaka baada ya tabaka, hata ukapata utando mwembamba kuliko karatasi. Tukisema mpasuko, mvunjiko na mbanduko tumepata istilahi tatu ambazo mtoto wa darasa la tano atazielewa kabla hajafafanuliwa.

4.5 Kuzamisha na kupima. Lipime jiwe kwa mizani ya sonara likiwa hewani. Kisha lifunge kwa uzi, lipime likiwa limening'inia ndani ya maji bila kugusa chombo. Uzito hupungua. Gawa uzito wa kwanza kwa kiasi kilichopungua. Tuseme jiwe la kijani lina gramu 5.4 hewani. Likipungukiwa gramu 2.0 majini, jibu ni 2.7, nayo ni namba ya zumaridi. Likipungukiwa gramu 1.5, jibu ni 3.6, nayo ni namba ya tsavoraiti. Kioo cha chupa ni karibu 2.5, na yakuti ni 4.0. Zumaridi na chupa zinakaribiana katika kipimo hiki, lakini kitenzi cha kwanza kinazitenga: zumaridi hukwaruza kioo cha dirisha bila shida.

4.6 Kutoa povu. Ponda kidogo pembe ya jiwe, dondoshea maji ya ndimu au siki kali. Likitoa povu, umepata kalsaiti au jamaa yake. Hewa inayotoka ni kabonidayoksaidi. Malakaiti nayo hutoa povu kwenye asidi, na unga wake ni wa kijani.

Faida ya vipimo hivi hudhihirika vikitumiwa pamoja. Mwaka 1967, mwaka uleule ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria, jiwe la buluu liligunduliwa Mererani. Kwa macho lilifanana na yakuti ya buluu. Lakini ugumu wake ulikuwa kati ya 6 na 7, si 9. Uzito wake kulinganisha na maji ulikuwa karibu 3.35, si 4.0, na lilipogeuzwa kwenye mwanga lilibadilisha rangi kutoka buluu hadi zambarau na wekundu wa damu ya mzee. Ilibainika kuwa ni zoisaiti iliyopata rangi kwa chembechembe za vanadi. Mwaka 1968 kampuni ya Marekani ya Tiffany ililitangaza kwa jina la tanzanaiti. Jina lilitolewa New York, lakini kila kipimo nilichokitaja kinaweza kufanyika Mererani.

5. Miamba mitatu, vitenzi vitatu

Tumeshapima punje, turejee kwenye sahani ya kande. Miamba yote ya dunia hugawanywa katika makundi makuu matatu, kwa kigezo cha namna ilivyotokea. Katika vitabu vyetu kila kundi lina majina zaidi ya moja, na mwanafunzi huyakariri bila kuyaelewa. Mimi nashauri tuanze na kitenzi, jina litafuata.

5.1 Kuganda. Uji ukipoa huganda, na mafuta ya nazi asubuhi ya baridi huganda. Mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi nao ukipoa huganda, nao tuuite mwamba mgando. Swali la kujiuliza ni: uliganda kwa haraka au polepole? Wavuvi wa chumvi wa pwani wanalijua jibu: maji ya chumvi yakikauka taratibu, punje huwa kubwa, yakikauka upesi, huwa ndogo. Itale iliganda polepole chini sana ya ardhi, ndiyo maana punje zake huonekana kwa macho. Basalti iliganda upesi juu ya ardhi, kama katika miteremko ya Kilimanjaro, nayo ni nyeusi na punje zake hazionekani bila lenzi. Obsidiani ya Bonde la Ufa huko Kenya iliganda ghafla mno hata punje hazikupata nafasi ya kuumbika. Ni kioo cha maumbile, na wahenga wa zama za mawe walikitengenezea visu.

Katika kundi hili Tanzania ina ajabu yake. Ol Doinyo Lengai, mlima unaoheshimiwa na Wamasai kuwa mlima wa Mungu, ndio volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava yenye wingi wa magadi. Lava ya kawaida huwa na joto la takriban nyuzi 1,000 za Selsiasi au zaidi. Ya Lengai ni nyuzi 500 hadi 600 tu. Hutoka nyeusi, na baada ya siku chache hugeuka nyeupe kwa kunyonya unyevu wa hewa.

5.2 Kutuama. Maji machafu yakitulia mtungini, taka hutuama chini zikawa mashapo. Mto unapoingia ziwani au baharini hufanya vivyo hivyo: kokoto hutangulia kutuama, kisha mchanga, mwishowe tope laini. Miaka mingi ikipita na uzito ukizidi, tabaka hizo hushikamana. Huu ndio mwamba wa mashapo. Alama zake ni tabaka, punje zilizoviringika kwa kusukwasukwa, na visukuku, kwa kuwa mfupa na gamba huhifadhika ndani ya mashapo lakini huteketea ndani ya mwamba ulioyeyuka. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba kati ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria katika miamba ya namna hii, na mmoja wa wanyama hao anasimama hadi leo katika jumba la makumbusho la Berlin.

Pwani yetu yote imejengwa juu ya mwamba wa kundi hili na kwa mwamba wa kundi hili. Mawe ya Kilwa Kisiwani, ya Gedi, ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni matumbawe, yaani mwamba wa chokaa uliojengwa na viumbe wadogo wa bahari. Waashi walitofautisha tumbawe gumu la nchi kavu, la kujengea kuta, na tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bado bichi, la kuchongea miimo na mihirabu. Mengine waliyachoma katika tanuri. Joto huondoa kabonidayoksaidi, hubaki chokaa. Chokaa ikizimwa kwa maji huwa tayari kwa kujengea. Dondosha ndimu kwenye kipande cha jiwe la ukuta wa kale na kitatoa povu. Tahadhari: tufanye hivyo kwa kipande kilichokwisha kuanguka, tusiuguse ukuta wenyewe.

5.3 Kugeuka. Mfinyanzi huchukua udongo laini, akauchoma, ukawa chungu. Udongo ule haukuyeyuka, lakini umegeuka, na ukiuloweka hautarudi kuwa tope. Mwamba uliozikwa kwa kina kirefu, ukapata joto na mgandamizo bila kuyeyuka, hugeuka vivyo hivyo, nao tuuite mwamba geu. Jiwe la chokaa hugeuka marumaru. Jiwe la mchanga hugeuka kwatzaiti, gumu kuliko mzazi wake. Tope lililoshikamana hugeuka kwanza sleti, kisha shisti yenye ulanga mwingi, mwishowe naisi, mwamba wenye mistari ya madini meupe na meusi inayopishana kama mkeka. Naisi hiyo imetanda Usambara na Uluguru. Hata tanzanaiti imezaliwa katika miamba geu yenye kinywe. Mistari ya naisi isichanganywe na tabaka za mashapo: katika mashapo utaona punje za mchanga zilizoviringika; katika naisi utaona fuwele zilizoshikana na kulala upande mmoja.

Makundi haya matatu hayana mipaka ya milele. Itale ikimomonyoka huwa mchanga; mchanga hutuama; mashapo hugeuka; mwamba geu ukizidi kuzama huyeyuka, kisha huganda tena. Vitenzi vitano, na duara limekamilika.

6. Hitimisho

Mabibi na mabwana, mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Ilikuwa kazi kubwa. Jiolojia haimo katika jina la kamusi hiyo, ilhali nchi yetu inaishi juu ya madini. Ninayo mapendekezo matatu.

La kwanza, tunapounda istilahi za fani hii tuanze na vitenzi. Nomino ya kukopa huongeza neno moja kwenye kamusi. Kitenzi cha kwetu huja na mnyambuliko wake wote: kupasuka, mpasuko, isiyopasulika. La pili, tuyakusanye maneno ya wachimbaji wadogo kabla hatujawaletea ya kwetu. Mchimbaji wa dhahabu anaposema mbale kwa mawe yenye dhahabu, na marudio kwa mchanga uliokwisha kuoshwa, ametangulia kamati zetu. La tatu, kila shule ya msingi iwe na kisanduku chenye mawe 10, kisu, tupa, kigae na ndimu. Mtoto anayesoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akavukishwa kwenye Kiingereza katika sekondari, asiuvuke mpaka huo akiacha nyuma alichokwisha kukijua kwa mikono yake.

Nirudi kwa mzee wa jiwe la kijani. Hakuhitaji kujua Kiingereza, wala Kijerumani cha Mohs. Alihitaji uzi, maji, mizani ya sonara na kipande cha kioo cha dirisha, na mtu wa kumwambia kwa lugha yake: lizamishe, ligawe, likwaruze. Kama lilikuwa kipande cha chupa kweli, angelijua mwenyewe, akarudi nyumbani bila kinyongo. Kama halikuwa, mnunuzi asingekuwa na neno la kumwambia. Mwanafunzi wangu hakupata jibu la swali lake, na hatalipata. Wanafunzi watakaomfuata tunaweza kuwapa lugha ya kulitafutia jibu kabla jiwe halijatoka mkononi.